Siku hotrodi yangu ilipoonja lami

Gari la kiwandani linapomfikia mnunuzi, tayari limeshateswa na watu wengine. Mifano yake imeendeshwa kwenye joto na baridi, kwenye mashimo na miteremko, vitu vikavunjika, michoro ikabadilishwa, vikavunjika vingine. Hotrodi uliyoiunda mwenyewe, yaani gari la sura ya zamani lililounganishwa kwa vifaa vya magari mbalimbali, haina historia hiyo. Siku unapoishusha barabarani mara ya kwanza, wewe ndiye mhandisi, wewe ndiye dereva wa majaribio, na hakuna aliyekutangulia kwenye kiti hicho. Nimelipitia hilo na gari langu, na naandika kwa ajili ya yule ambaye gari lake limebakiza vitu vidogo vidogo tu na mkono unamwasha kushika ufunguo.

Langu lina bodi ya faiba yenye sura ya Ford ya 1932, chesisi ya kuchomelea, injini ya Chevrolet V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, giaboksi ya otomatiki ya gia tatu na difu ya Ford, ile ya inchi 9. Mbele kuna ekseli ya kipande kimoja, juu yake springi moja ya majani iliyolazwa kukingama chesisi, kama Ford za zamani zilivyokuwa. Stelingi boksi imetoka kwenye gari dogo la miaka ya 1970. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu. Kila kimoja kati ya hivi, ukikichukua peke yake, ni kitu kizuri kilichothibitika. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa mezani akachora difu hii ikae nyuma ya giaboksi hii, wala stelingi hii iamrishe ekseli hii. Vimekutana kwenye gereji yangu.

Na hilo ndilo jambo kubwa nililotoka nalo barabarani. Kwenye hotrodi, tatizo mara nyingi halikai ndani ya kifaa. Linakaa pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine. Unaweza kununua kila kitu kipya, ukafunga kila bolti kama kitabu kinavyosema, na bado ukawa na gari lenye vifaa vizuri visivyoelewana. Ndani ya gereji huwezi kuyaona hayo, kwa sababu gari lililosimama halimlazimishi yeyote kufanya kazi na mwenzake.

Mchezo huu ulikuwa hivyo tangu mwanzo wake. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakichukua Ford Model T na Model A zilizochoka, wanang'oa madigadi na chochote kinachoongeza uzito, kisha wanakwenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Mwaka 1932 Ford ikatoa V8 yake ya valvu za ubavuni, inchi za ujazo 221, nguvu farasi 65, na injini hiyo ikawa ndiyo inayotafutwa na kila kijana. Mwaka 1937 vilabu vikaungana kuunda Southern California Timing Association ili mbio zile ziwe na utaratibu. Chevrolet nayo ilipoleta V8 yake ndogo mwaka 1955, haikuchukua muda watu wakaanza kuipandisha kwenye chesisi za Ford. Ndoa za namna hiyo ndizo hotrodi yenyewe. Ukiunda moja leo, umerithi furaha yake na umerithi pia kazi ya kuzisuluhisha.

Kuna mambo yasiyopaswa kusubiri barabara, na la kwanza ni injini. Barabarani si mahali pa kuijua injini. Kama kamshafti yako, ule mhimili unaofungua valvu, ni ya lifta bapa, zile zisizo na rola, dakika 20 za kwanza za uhai wake ndizo zinazoamua kama itadumu. Injini ikishika moto inapandishwa mara moja hadi kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika na kukaa humo, ikipanda na kushuka kidogo, kwa dakika hizo zote, ikiwa na oili yenye zinki ya kutosha. Sababu yake ni ya kimashine kabisa: kamshafti hupata sehemu kubwa ya oili yake kwa kurushiwa na krenki inayozunguka kasi, na ukiiacha injini ingurume polepole, kamshafti na lifta vinasagana vikavu. Baada ya hapo mimi nilimwaga oili yote, nikaikata filta, nikakunjua karatasi yake juani na kuitazama. Vumbi laini linalometa ni la kawaida kwa vyuma vinavyozoeana. Chembe unayoweza kuishika kwa kucha si ya kawaida, na ukiiona, sahau barabara kwanza. Muda wa cheche nao niliuseti nikiwa gereji, jumla ya nyuzi 34 injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, kwa sababu cheche inayochelewa huchemsha injini na utabaki unailaumu rejeta isiyo na kosa.

Breki ndizo zilizonichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na sijutii hata saa moja. Kwenye hotrodi za sura hii masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, hukaa chini ya sakafu, karibu na chesisi, hivyo inaweza kuwa chini kuliko kalipa za magurudumu, zile zinazobana pedi kwenye diski. Mafuta ya breki ni maji kama maji mengine, yanafuata mteremko. Ukiachia pedali, mafuta yanarudi taratibu kwenye masta silinda, pedi zinajitenga na diski, na safari nyingine unapokanyaga, pedali inazama sana kabla ya kukamata. Dawa yake ni valvu ndogo za kubakiza shinikizo kwenye paipu: ya psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwa upande wa diski, ya psi 10 kwa upande wa dramu. Ukizibadilishana, ile ya 10 itazifanya pedi za mbele zikwangue diski wakati wote. Ni vitu vidogo kuliko kidole gumba, lakini kwenye magari ya kuunda ndivyo nivitazamavyo kwanza nikiombwa ushauri.

Kisha kuna pedali yenyewe. Kama huna busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu ya kukanyaga breki, mguu wako unahitaji msaada wa wenzo, na uwiano wa pedali unaofaa ni karibu 6 kwa 1. Kama una busta, nusa upande wa injini kwanza. Busta inakula vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na kamshafti kali, ile inayolipa gari mngurumo wa kukatika katika ambao sote tunaupenda, inapunguza vakyumu mizunguko ya injini inapokuwa chini. Hapo ndipo unakuta mtu amebadilisha masta silinda na kalipa, na kumbe kinachomnyima breki ni kamshafti. Makutano, kama nilivyosema.

Mimi nilichagua kukaa bila busta. Kabla ya kutoka lango nililiendesha gari kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikakanyaga, likasimama. Nikarudi nyuma, nikakanyaga, likasimama. Nikarudia hivyo mpaka mguu ukazoea mahali breki inapoanzia. Pedali ikiwa laini kama ina sponji, kuna upepo kwenye paipu. Ikiwa ngumu lakini inazama polepole ukiishikilia, kuna mahali panavuja, au mpira wa masta silinda unapitisha. Sheria yangu ni kwamba gari lisilosimama vizuri kwa kilomita 5 kwa saa halina ruhusa ya kwenda 6.

Kitu kingine nilichofanya gereji ni kuchora. Kila bolti niliyoikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, niliipiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kuanzia kwenye kichwa chake hadi kwenye chuma inachokibana. Bolti ikisogea hata kidogo, mstari unakatika na pande mbili zinaachana, na jicho linaona kabla ya spana. Nilichora ekseli, stelingi boksi, tairodi, kalipa, propela shafti, mikono ya difu na mabomba ya ekzosi. Nati zenye pini za kufungia nilizihakikisha kwa kushika kila pini kwa vidole, kwa sababu kuna tofauti kati ya kukumbuka kuwa uliiweka na kuigusa.

Barabara ya kwanza inachaguliwa kama mtu anavyochagua mahali pa kumfundisha mtoto baiskeli: tambarare, kavu, magari machache, na mahali pa kuegesha kila baada ya mwendo mfupi. Nilichora mzunguko ambao wakati wowote uko umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Usajili na bima vilikuwa tayari, maana gari la kuunda lisilo na karatasi si gari, ni kesi. Kwenye kiti cha pili niliweka kizima moto, kimefungwa imara lakini kinafikika kwa mkono mmoja. Swichi ya kukata betri iko pembeni mwa kiti. Jeki, spana chache, glavu, maji, waya, utepe, tochi, na simu kwa ajili ya kupima mwendo kwa setilaiti, maana spidomita ya gari lenye tairi na difu za kuchaguachagua haiaminiki mpaka ithibitishwe. Sikubeba abiria. Nyuma yangu alikuja mwenzangu kwa gari lake. Mtu wa nyuma anaona usivyoviona wewe: moshi, matone, gurudumu linaloyumba, taa. Tulikubaliana mapema kwamba akiwasha taa kubwa mara mbili nasimama hapo hapo, bila kuuliza kwanza.

Nikatoka.

Siwezi kuficha kwamba nilitetemeka. Sauti ya V8 iliyozoea kuta za gereji ilibadilika mara tu ilipopata uwazi, ikawa ndefu na nzito, na gari ambalo macho yangu yalilijua kama rundo la vipande likawa kitu kimoja kinachokwenda. Furaha hiyo ni ya kweli na hakuna anayepaswa kuionea aibu. Lakini ndiyo wakati hasa wa kunyamazisha redio ya kichwani na kusikiliza.

Pua ndiyo iliyotangulia kufanya kazi. Gari jipya linanuka kila kitu kwa pamoja, na ni lazima ujifunze kutenganisha. Rangi ya mabomba ya ekzosi inaungua mara ya kwanza na kutoa harufu kali yenye moshi kidogo, na hiyo inaisha yenyewe. Oili iliyodondoka juu ya bomba wakati wa kujaza nayo inaisha. Harufu tamu tamu ni ya maji ya rejeta yenye glaikoli, na ukiisikia kuna mahali yanatoka. Petroli mbichi haina mjadala, unazima na kushuka. Plastiki inayoungua ni waya, na hapo mkono unakwenda kwenye swichi ya betri kabla hujafikiri. Siku ile nilisikia rangi na oili, basi. Nilisimama mapema, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, kwa makusudi ya kuinama chini ya gari kabla ya kuendelea.

Chini kulikuwa kikavu. Nikatoa kipimajoto cha mwanga, kile chenye umbo la bastola, nikapima magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuwa na joto la kukaribiana kabisa. Dramu ya nyuma ya kulia ilikuwa ya uvuguvugu. Ya kushoto ilikuwa ya baridi kama nilivyoiacha gereji. Hakuna kelele, hakuna kuvutwa upande, pedali nzuri, na bado gurudumu moja halikuwa likisaidia chochote. Breki shuu zake zilikuwa bado mbali na dramu na zilihitaji kusogezwa kwa ile gia ndogo ya nyota iliyo ndani. Nikaiinua tairi kutoka ardhini kwa jeki, nikazungusha nyota kwa bisibisi hadi shuu zikagusa kidogo, nikarudisha nyuma meno machache. Bila kipimajoto kile ningeendesha na breki tatu na kujiona nina nne.

Mwenzangu naye alikuwa na lake. Alikuja dirishani akaniambia, "Kaka, taa zako za breki zinachelewa. Naona gari limeshaanza kupunguza mwendo, ndipo zinawaka." Hilo nisingelijua kamwe nikiwa kwenye kiti. Swichi yangu ya taa ilikuwa ya shinikizo, imefungwa kwenye paipu ya breki, na swichi za aina hiyo zinasubiri mafuta yabanwe vya kutosha ndipo ziwashe. Ukikanyaga taratibu, gari linapungua kasi na aliye nyuma yako hana habari. Kwenye gari fupi, jepesi, lisilo na bampa ya maana, hilo ni jambo la kuogopesha. Kutoka hapo nilikuwa nagusa breki kwa nguvu kidogo zaidi mpaka tuliporudi, na swichi ile baadaye nikaitoa nikaweka ya kusukumwa na pedali yenyewe, inayowasha taa mguu unapogusa tu.

Tuliendelea. Kwa kilomita 30 kwa saa usukani ulikuwa mtulivu, na nikiuachia kidogo baada ya kona ulirudi katikati wenyewe. Hiyo inatokana na kasta, ule mlalo wa kingipini, pini ambayo gurudumu hukatia kona juu yake, kuelekea nyuma, ambao kwa ekseli ya kipande kimoja huwekwa kati ya nyuzi 5 na 7. Ikiwa ndogo, gari linatangatanga na usukani haurudi. Tairi za mbele nilikuwa nimezikaribisha mbele kwa milimita 3, zikitazamana kidogo. Kwenye lami laini mambo yote yalikuwa mazuri, na ndipo tulipofika mahali lami imezama, bonde dogo ambalo gari la kawaida linalivuka bila mtu kukatisha mazungumzo.

Mbele iliposhuka na kuinuka, gari lilichepuka. Mikono yangu ilikuwa imetulia kwenye usukani, sikukata kona, lakini pua ilikwenda pembeni kama hatua moja kisha ikarudi. Nikageuza, nikapita tena polepole zaidi. Ikafanya vile vile, kidogo zaidi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalowatesa wengi na linaelezeka. Springi ya kukingama inaning'inia kwenye vishikizo vinavyoruhusu ekseli kuyumba kushoto na kulia, kwa hiyo tunaweka rodi ya Panhard kuizuia: ncha moja kwenye chesisi, ncha ya pili kwenye ekseli. Stelingi boksi nayo ina rodi yake inayovuka mbele ya gari hadi gurudumu la upande wa pili. Ekseli inapopanda na kushuka, rodi hizi mbili zote zinachora tao. Zikiwa na urefu unaokaribiana, zikilala sambamba, na zikianzia upande mmoja wa chesisi, matao yanafanana na magurudumu hayajui kwamba kuna kilichotokea. Zikipishana mlalo, tao moja linavuta ekseli huku, jingine linasukuma gurudumu kule, na gari linajikatia kona lenyewe. Rodi yangu ya Panhard ilikuwa ndefu ya kutosha na ilianzia upande sahihi, lakini gari liliposhuka kwenye uzito wake kamili, pamoja na dereva na tangi lililojaa, haikuwa tena sambamba na rodi ya stelingi. Gereji, juu ya stendi, zilikuwa sambamba. Ni uzito uliozitenganisha.

Tofautisha hilo na usukani unaotetemeka wenyewe mfululizo, mkono hauwezi kuuzuia, baada ya kugonga shimo. Hilo likikukuta, usikanyage breki ghafla. Shika imara, toa mguu kwenye ekseleta, acha gari lipungue lenyewe, kisha usiendelee na safari. Sababu huwa ni kitu kilicholegea mbele: kingipini, beringi, ncha za tairodi, au tairi isiyosawazishwa.

Kwenye kipande kirefu kilichonyooka nilipanda hadi 60 kwa kipimo cha simu. Hapo ndipo mitetemo huanza kujitambulisha, na kila mmoja una asili yake. Nilipousikia mnong'ono mdogo sakafuni, niliweka gia huru na kuacha gari liteleze. Mtetemo ukifa pale mizunguko ya injini inaposhuka, utafute kwenye injini au giaboksi. Ukibaki, uko kwenye propela shafti, difu au tairi. Ukija tu unapokanyaga mafuta na kupotea unapoachia, mara nyingi ni pembe za propela: mlalo wa giaboksi na mlalo wa shingo ya difu vinatakiwa viwe sambamba ili jointi mbili za propela zifutiane mwendo wao usio sawa. Wangu uliendelea kwa gia huru na haukujali mafuta. Baadaye, ikawa ni tairi moja ya nyuma iliyohitaji kusawazishwa, kazi ndogo.

Joto niliangalia wakati wote. Geji ilipanda hadi nyuzi 82, thamostati ikafunguka, sindano ikashuka kidogo na kutulia. Rejeta ya hotrodi ni nyembamba kwa sababu pua yake ni nyembamba, na nyuma yake kuna injini ambayo sura ile haikuundiwa, kwa hiyo sikutarajia kubembelezwa. Njia rahisi ya kuelewa inachokwambia ni hii: gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tatizo ni feni au kizingio chake, hewa haivutwi. Likipoa limesimama na kuchemsha likikimbia, tatizo ni rejeta yenyewe, mzunguko wa maji, au muda wa cheche. Langu lilikaa vizuri pande zote mbili. Halafu nikawasha taa za mbele ili kuzijaribu, na papo hapo sindano ya joto ikaruka juu karibu nyuzi kumi.

Maji hayawezi kupata moto kwa sekunde moja. Nilizima taa, sindano ikarudi. Nikawasha, ikapanda. Kwa bodi ya chuma, umeme wa dashibodi hurudi betri kupitia bodi nzima. Faiba haipitishi umeme hata kidogo, kwa hiyo kila taa na kila geji inategemea waya wa hasi uliouvuta wewe mwenyewe. Waya wangu wa dashibodi ulikuwa unashirikiana na taa, na taa zilipovuta umeme, geji zilipata njia nyembamba zikaanza kusema mambo ambayo hayapo. Waya mnene wa hasi kutoka dashibodi moja kwa moja hadi kwenye injini ulimaliza hadithi. Ukiona geji inabadilika kwa sababu umewasha kitu kingine, usiguse rejeta, fuata waya.

Kituo cha mwisho kabla ya kurudi nilikifanya kwa makusudi ya kuzima injini ikiwa na joto kamili na kusubiri robo saa. Watu wengi hulisahau jaribio hili, na ndilo linalowaacha kwenye kituo cha mafuta wakiwa wamezungukwa na watazamaji. Ukizima, maji hayazunguki tena, feni haivuti hewa, na joto la vyuma linapanda kabla ya kushuka. Petroli ndani ya kabureta inaweza kuchemka na kufurika kwenye manifodi. Starta iliyokaa karibu na bomba la ekzosi inapikwa. Niliposhika ufunguo tena, starta ilizunguka kwa uzito, ikajikokota, kisha injini ikashika nilipoifungua ekseleta nusu kupitisha hewa kwenye petroli iliyozidi. Iliwaka, lakini nilishapata ujumbe. Sasa kuna bati la kukinga joto kati ya bomba na starta, na inazunguka ikiwa moto sawa na ikiwa baridi.

Nyumbani nililipandisha gari kwenye stendi kabla halijapoa na kuanza kutafuta mistari yangu myeupe. Ekseli, stelingi, propela, mikono ya difu, yote ilikuwa mizima. Kwenye mabomba ya ekzosi mistari mitatu ilikuwa imekatika, hasa kwa bolti za katikati, ambako mabomba mawili yanakaa jirani na joto ni kali zaidi. Gasketi mpya ikipata moto inasinyaa na bolti inabaki bila cha kubana. Nilizikaza injini ilipopoa kabisa, nikachora upya. Nati za magurudumu nilizipima pia, na nikazipima tena baada ya kilomita kama 80, kwa sababu rimu mpya hukaa vizuri kwenye kikalio chake baada ya kuendeshwa na nati inabaki na nafasi.

Kwa rodi ya Panhard niliinua kishikizo chake cha chesisi, gari likiwa chini kwenye magurudumu yake na mtu wa uzito wangu amekaa ndani, mpaka rodi mbili zikalala sambamba kwa pima maji. Nikarudi kwenye lile bonde la lami na kulivuka kwa mwendo ule ule. Pua ilishuka, ikainuka, ikaendelea mbele. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, na sidhani kama kuna zawadi iliyonifurahisha kama ile kwa mwaka huo.

Safari zilizofuata zimekuwa ndefu kidogo kidogo. Pedi mpya nilizizoeza kwa kupunguza mwendo mara kadhaa kutoka 50 hadi karibu 10 bila kusimama kabisa, na nafasi ya kupoa katikati. Mwenzangu sasa anakaa kiti cha pili, kizima moto kimehamia nyuma yake. Kilichobaki ni spidomita. Tairi za nyuma ni ndefu kuliko zile ambazo giaboksi ilizijua, kwa hiyo inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi, na huo ni upande mbaya wa kudanganya. Gia ndogo ya plastiki inayozungusha kebo yake, yenye meno machache kuliko iliyopo, nimeshaiagiza. Ikifika nitaibadilisha, nitaiweka simu kwenye dashibodi, na tutarudi kwenye kile kipande kilichonyooka kuvilinganisha.